Jalada la Mgonjwa Likiondoka Kabatini: Hesabu kwa Wenye Zahanati Mwanza

WAMILIKI wa zahanati, maabara na hospitali ndogo za binafsi jijini Mwanza wana uamuzi wa kibiashara ambao hauwezi kuahirishwa kwa muda mrefu. Uamuzi wenyewe ni kama waendelee kutunza habari za wagonjwa kwenye karatasi, au waingize mtaji katika mfumo wa kompyuta unaoweza kupeleka na kupokea habari hizo kutoka vituo vingine, kutoka hospitali za rufaa na kutoka mifuko ya bima.

Wauzaji wa mifumo hiyo husema faida ni kubwa na huja haraka. Baadhi ya wenye zahanati hujibu kwamba hayo ni matumizi ya anasa kwa kituo chenye vyumba vinne na mtungi wa gesi wa friji ya chanjo. Hesabu zinaonyesha kwamba pande zote mbili zina ukweli kiasi. Faida ipo, lakini haimfikii kila mtu kwa kiwango kilekile, na kuna kituo ambacho kitapata hasara kikikurupuka.

Makala haya yanaeleza biashara hiyo inavyofanya kazi, fedha zinapopotea, na mambo ambayo mwenye mtaji mdogo anapaswa kuyauliza kabla ya kutia saini.

MGONJWA ANATEMBEA, JALADA HALITEMBEI

Biashara ya tiba binafsi nchini Tanzania si ya zamani sana. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku hospitali za watu binafsi zinazoendeshwa kwa faida, na mlango ulifunguliwa tena kwa marekebisho ya mwaka 1991. Tangu hapo zahanati, maduka ya dawa na maabara vimeongezeka kando ya barabara kuu za Nyamagana na Ilemela, kila kimoja kikiwa na masjala yake, namba zake za majalada na mwandiko wa tabibu wake.

Juu ya mlima wa Bugando ipo hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, inayopokea wagonjwa kutoka mikoa ya Mwanza, Geita, Mara, Simiyu, Shinyanga, Kagera na kwingineko. Chini yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure. Kati ya hizo na zahanati za mitaani mgonjwa hupanda na kushuka mara nyingi, huku kumbukumbu yake ikiwa ni karatasi ya rufaa iliyokunjwa mfukoni, au daftari la shule alilonunua dukani kwa ajili ya kuandikiwa na daktari.

Kwa wakazi wa ukanda wa ziwa tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu wengi wao ni watu wa kuhama. Mvuvi wa Ukerewe anaweza kuanza dawa Nansio, akafuata samaki hadi visiwa vya Muleba, kisha akaugua akiwa Musoma. Mfanyabiashara wa nguo wa Geita hupimwa Mwanza anapokuja kununua mzigo. Tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mtu wa Sengerema hasubiri tena kivuko ili afike Mwanza. Mgonjwa anavuka kwa dakika chache, lakini jalada lake limebaki ng'ambo.

Matokeo yake yanajulikana na kila mganga mfawidhi. Vipimo hurudiwa. Dawa ambayo haikumfaa mgonjwa mwezi uliopita huandikwa tena. Mama mjamzito hufika na kadi iliyolowana, kundi la damu halisomeki. Na kituo kilichompeleka mgonjwa rufaa hakipati majibu, hivyo akirudi huanza naye upya kama mgeni.

KUBADILISHANA KUNA MAANA GANI

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuwa na kompyuta mapokezi inayochapa risiti si kubadilishana habari. Hata kuwa na jalada zima ndani ya kompyuta bado si kubadilishana, kwa sababu jalada hilo linaweza kuwa limefungwa humo kama lilivyokuwa limefungwa kabatini.

Kubadilishana ni pale mashine ya kituo kimoja inapopeleka habari, na mashine ya kituo kingine ikazipokea na kuzielewa bila mtu kuzichapa upya. Ili hilo litokee vinatakiwa vitu vitatu.

Kwanza ni lugha moja. Zahanati moja huandika "malaria", nyingine "homa ya malaria", nyingine hutumia kifupi cha maabara. Mashine huona magonjwa matatu. Ndiyo maana dunia ina orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ambamo, katika toleo la kumi, malaria isiyoainishwa hupewa alama B54, na malaria ya falsiparamu B50. Aliyeko Mwanza na aliyeko Nairobi wakiandika B50 wanazungumzia kitu kimoja.

Pili ni bahasha moja, yaani namna ya kufunga habari ili zisafiri. Shirika liitwalo HL7, lililoanzishwa mwaka 1987, ndilo linalotunza kanuni zinazotumika zaidi duniani kwa kazi hiyo, na kanuni zake za sasa huitwa FHIR. Mwenye zahanati hahitaji kuzisoma. Anachohitaji ni kujua kama mfumo anaouziwa unazifuata.

Tatu ni njia ya kujua kwamba mgonjwa wa huku na yule wa kule ni mtu mmoja. Hilo linaonekana dogo, lakini ndilo gumu kuliko yote, na linaelezwa zaidi hapa chini.

Kwa upande wa serikali kazi imekwishaanza. Tanzania ilitoa Mkakati wa Taifa wa Afya ya Kidijitali wa mwaka 2019 hadi 2024. Vituo vingi vya umma hutumia mfumo wa GoTHOMIS ulio chini ya TAMISEMI, na takwimu za wilaya hupelekwa juu kwa mfumo wa DHIS2. Wizara ya Afya pia imejenga mtambo wa kati wa kupokea na kugawa ujumbe kati ya mifumo tofauti. Kwa maneno ya soko, barabara kuu imechongwa. Linalobaki kwa mtu binafsi ni barabara ya kuingia uani kwake.

FEDHA ZILIZOLALA KWENYE MADAI

Faida ya kwanza kwa kituo binafsi haiko kwenye tiba, iko kwenye madai ya bima.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Kituo kilichosajiliwa humhudumia mwanachama, kisha hudai fedha kwa fomu inayoonyesha ugonjwa, vipimo na dawa. Huduma imetolewa leo, dawa imenunuliwa kwa fedha taslimu wiki iliyopita, mshahara wa muuguzi unalipwa mwisho wa mwezi, lakini fedha ya bima huja baadaye. Katikati hapo mwenye zahanati ndiye anayemkopesha mfuko bila riba.

Madai ya karatasi huchelewa na hukatwa. Namba ya kadi imekosewa tarakimu moja. Ugonjwa ulioandikwa hauendani na dawa iliyotolewa. Saini imesahauliwa. Kipimo kimeonekana kwenye fomu, lakini majibu yake hayapo kwenye jalada pale wakaguzi wanapofika. Kila kosa la namna hiyo ni dawa iliyotoka dukani bila kulipiwa.

Mfumo mzuri huzuia makosa hayo kabla fomu haijaondoka. Hukataa namba isiyo kamili, huonyesha dawa isiyo kwenye orodha ya mfuko, na hukusanya majibu ya maabara katika dai lenyewe. Aidha, mwenye kituo huona kila siku anadai kiasi gani, badala ya kungoja karani amalize kuhesabu fomu mwisho wa mwezi.

Uzito wa suala hili ulionekana mwanzoni mwa Machi 2024, pale vituo binafsi kupitia chama chao, APHFTA, vilipotangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa NHIF kwa sababu ya kutoridhika na bei za kitita kipya cha mafao. Mgogoro ulikuwa wa bei, si wa kompyuta. Lakini ulidhihirisha jambo moja kwa wawekezaji: mapato ya vituo vingi yanamtegemea mlipaji mmoja mkubwa, na katika mazungumzo ya bei anayejua gharama yake halisi kwa kila mgonjwa ana sauti kuliko anayekisia.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kumwingiza kila mkazi katika bima. Kadiri lengo hilo linavyotekelezwa, wagonjwa wa fedha taslimu watapungua na wa madai wataongezeka. Kituo kisichoweza kudai vizuri kitakuwa na foleni ndefu na sanduku tupu.

HESABU YA MFANO

Tuchukue mfano wa kubuni, usio wa kituo chochote, ili kuona mizani ilivyo.

Zahanati inaona wagonjwa 50 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani 1,300. Nusu yao, 650, wana bima, na kila mmoja huleta dai la wastani wa Sh 20,000. Madai ya mwezi ni Sh 13,000,000.

Kama asilimia 6 ya madai hukatwa kwa makosa ya uandishi, hasara ni Sh 780,000 kwa mwezi. Mfumo ukishusha makosa hadi asilimia 2, hasara inabaki Sh 260,000. Zimeokolewa Sh 520,000 kwa mwezi, au Sh 6,240,000 kwa mwaka.

Kama malipo yalikuwa yakija baada ya siku 60, wakati wote kuna Sh 26,000,000 nje. Yakija baada ya siku 45, zilizo nje ni Sh 19,500,000. Sh 6,500,000 zimerudi kwenye mzunguko. Kwa mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, hiyo ni nafuu ya Sh 1,170,000. Jumla ya faida kwa mwaka ni Sh 7,410,000.

Upande wa gharama, kompyuta 3, betri za akiba, nyaya na mafunzo viwekwe Sh 6,000,000 mara moja. Ada ya mfumo na intaneti viwekwe Sh 300,000 kwa mwezi, yaani Sh 3,600,000 kwa mwaka.

Mwaka wa kwanza gharama ni Sh 9,600,000 dhidi ya faida ya Sh 7,410,000. Kuna upungufu wa Sh 2,190,000. Mwaka wa pili kuna ziada ya Sh 3,810,000, hivyo mtaji unarudi kabla mwaka huo haujaisha.

Sasa zahanati ileile ipewe wagonjwa 15 tu kwa siku, mengine yote yabaki yalivyo. Madai ya mwezi yanakuwa Sh 3,900,000. Kilichookolewa kwenye makosa ni Sh 1,872,000 kwa mwaka, na nafuu ya riba ni Sh 351,000. Jumla ni Sh 2,223,000, ambayo haifiki hata gharama za uendeshaji za Sh 3,600,000. Kituo cha namna hiyo kikinunua mfumo peke yake kinajichimbia shimo. Njia yake ni kushirikiana na wenzake, au kuchukua programu isiyo na ada, au kusubiri hadi wagonjwa waongezeke.

USHAHIDI KUTOKA MOSORIOT

Hoja kwamba mifumo hii ni ya nchi tajiri ilijibiwa zamani, tena hapa Afrika Mashariki. Februari 2001 kituo cha afya cha vijijini cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia kumbukumbu za kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani.

Mpango haukuwa wa kifahari. Tabibu aliendelea kuandika kwenye fomu ya karatasi, na karani akachapa. Watafiti walipima muda kabla na baada, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Muda wa mgonjwa kuwapo kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Muda wa kukaa na mtabibu ulipungua kwa asilimia 58, na muda wa kungoja ulipungua kwa asilimia 38, ingawa tofauti hiyo ya mwisho haikuwa na uhakika mkubwa kitakwimu. Watumishi walipunguza kwa theluthi mbili muda wa kuulizana wao kwa wao.

Takwimu hiyo ya mwisho ina maana kubwa kwa mwenye biashara. Muda wa kuulizana ndio muda wa kutafuta faili, kukimbia maabara kuuliza majibu, na kumwita mwenzako asome mwandiko wake. Ni mshahara unaolipwa bila huduma kuuzwa.

Kazi ya Mosoriot ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa ada ya leseni. Hata hivyo "bila ada" haina maana ya bure. Fundi wa kuifunga, kuirekebisha na kuitunza lazima alipwe.

NANI ANALIPA, NANI ANAFAIDI

Hapa ndipo penye kiini cha suala kwa mwekezaji, na ndipo wauzaji wa mifumo hupita haraka.

Tuseme mgonjwa amepimwa damu Nyakato asubuhi na kufika hospitali nyingine mchana. Majibu yakisafiri naye, kipimo hakirudiwi. Mgonjwa amepona sindano ya pili na mfuko wa bima umepona gharama ya pili. Lakini hospitali ya pili imekosa mapato ya kipimo, na zahanati ya kwanza, iliyolipia mtandao, haikuongezewa hata senti.

Kwa maneno mengine, gharama ya kubadilishana habari hubebwa na kituo, wakati sehemu kubwa ya akiba huenda kwa mgonjwa na kwa mlipaji. Hata Marekani hali ni hiyo. Katika jaribio lililofanyika Indianapolis na kuchapishwa mwaka 2002, madaktari wa dharura wa hospitali mbili walipewa habari za wagonjwa kutoka hospitali nyingine. Katika moja, gharama ilishuka kwa wastani wa dola 26 kwa mgonjwa. Katika ya pili, hakukuonekana tofauti. Mwaka 2009 serikali ya nchi hiyo ilitunga sheria ya kuwalipa madaktari na hospitali motisha ili waingie katika mifumo hiyo, jambo linaloonyesha kwamba soko peke yake lilikuwa likisitasita.

Denmark walipita njia nyingine. Mwaka 1994 walianzisha MedCom, chombo cha pamoja cha kukubaliana namna ya kutuma karatasi chache zinazotumika kila siku: barua ya rufaa, barua ya kumruhusu mgonjwa, majibu ya maabara na cheti cha dawa. Hawakuanza na jalada zima. Walianza na zile karatasi ambazo kila daktari alikuwa akizingoja.

Funzo kwa Mwanza ni kwamba kituo kinachotaka faida yake chenyewe kianze na habari zinazokirudishia fedha au wateja. Madai ya bima ni ya kwanza. Ya pili ni majibu ya rufaa: mgonjwa aliyetibiwa Bugando akirudi na maelekezo yanayosomeka, zahanati ya mtaani humfuatilia kwa sukari au shinikizo la damu kwa miaka mingi, naye ni mteja wa kila mwezi. Ya tatu ni maabara. Si lazima kila zahanati inunue mashine zake. Zahanati tano zikipeleka sampuli kwenye maabara moja nzuri na kupokea majibu kwa kompyuta, mashine moja hufanya kazi siku nzima badala ya mashine tano kulala nusu siku.

Wapo wanaohofia kwamba kufungua majalada ni kuwafungulia wateja mlango wa kuondoka. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Mgonjwa aliyeamua kuhama huhama na daftari lake, na daftari la shule linauzwa kila duka.

KISESA: JINA MOJA, WATU WENGI

Ugumu wa kumtambua mtu umeshughulikiwa kwa vitendo karibu kabisa na jiji. Kisesa, wilayani Magu, kwenye barabara iendayo Musoma, imekuwa eneo la utafiti wa afya ya jamii tangu mwaka 1994 chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, tawi la Mwanza. Watafiti walikuwa na daftari la kaya zote. Kituo cha afya cha Kisesa kilikuwa na majalada ya kliniki. Lakini mafungu hayo mawili hayakuwa na namba moja ya kuyaunganisha.

Majina hayakutosha. Mtu mmoja hutaja jina la ubatizo leo na la ukoo kesho, mwaka wa kuzaliwa hukadiriwa, na tahajia hubadilika kwa kila karani.

Mwaka 2015 walianza utaratibu mpya. Mgonjwa akiwa bado anangoja huduma, mtumishi mwenye kompyuta alimuuliza majina, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, kitongoji, balozi wa nyumba kumi na mtu anayeishi naye. Mashine ilileta orodha ya watu wanaofanana naye, na mgonjwa mwenyewe akasaidia kuthibitisha yupi ni yeye. Mashine ilipunguza kazi, lakini uamuzi wa mwisho ulitoka kwa mhusika.

Kwa mwenye zahanati funzo ni la fedha na la uhai pia. Majalada mawili yakichanganywa, mtu hupewa dawa ya mwingine. Mtu mmoja akiwa na majalada matatu, mzio wake wa dawa huandikwa katika moja tu. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 na namba ya kadi ya bima husaidia, lakini si kila mtu anazo, na watoto ndio wengi kliniki. Hivyo karani wa mapokezi anayeuliza vizuri ni rasilimali kuliko kompyuta ya bei kubwa.

SENGEREMA: TAARIFA INATANGULIA MGONJWA

Mfano wa pili unatoka ng'ambo ya daraja. Mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, unaojulikana sasa kama m-mama, ulijaribiwa kwanza katika Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kabla ya kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022.

Utaratibu ni rahisi. Simu hupigwa namba 115 bila malipo. Mpokeaji hufuata maswali kwenye programu, huamua kituo kinachofaa, huita gari la wagonjwa au, kama halipo, dereva wa teksi aliyesajiliwa, na hukiarifu kituo kinachopokea. Dereva hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa.

Hapa hakuna jalada zima lililosafiri. Zimesafiri habari chache tu: nani anakuja, ana tatizo gani, yuko njiani. Lakini hizo zinatosha kwa kituo kinachopokea kuandaa chumba, damu na mtumishi. Pia zilitosha kumfanya mwenye teksi wa kijijini kuwa sehemu ya biashara ya afya, akiwa na uhakika wa malipo yake. Thamani ya habari haipimwi kwa wingi wake, hupimwa kwa kufika mapema.

SHERIA NA USIRI

Mwenye kituo asidhani kwamba habari za mgonjwa ni mali yake ya kuuza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti. Anayekusanya na kuchakata taarifa hizo anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuna masharti juu ya kupeleka taarifa nje ya nchi.

Hilo la mwisho linagusa moja kwa moja mifumo inayouzwa kwa ada ya mwezi, ambayo mara nyingi huhifadhi habari katika mitambo iliyo nchi nyingine. Swali la "seva iko wapi" ni swali la kisheria, tena lina faini.

Kuna usiri wa mtaani pia. Katika mji ambamo watu wanafahamiana, majibu ya kipimo cha Virusi vya UKIMWI yakisomwa na karani asiyehusika, kituo hupoteza sifa kwa wiki moja iliyojengwa kwa miaka kumi. Mfumo lazima umpe kila mtumishi neno lake la siri, na uandike nani alifungua jalada lipi, saa ngapi. Karatasi haikuweza kufanya hivyo kamwe.

MASWALI KABLA YA KUTOA FEDHA

Mwekezaji mdogo anayetaka kuingia ubia wa zahanati, au mmiliki anayetaka kununua mfumo, afanye ukaguzi ufuatao:

1. Wagonjwa wa bima ni wangapi kwa mwezi, na madai mangapi yalikatwa katika miezi 6 iliyopita? Asiyejua jibu asinunue kitu bado. Aanze na daftari la kuhesabu makato.

2. Je, mfumo hutoa madai katika namna inayopokelewa na mifuko ya bima moja kwa moja, au karani atachapa mara mbili? Kuchapa mara mbili ni gharama mara mbili.

3. Je, unafuata kanuni za HL7 na orodha ya magonjwa ya kimataifa? Muuzaji aonyeshe kwa vitendo, asieleze kwa mdomo.

4. Mkataba ukivunjika, kituo kitapewa majalada yake yote katika namna inayosomeka kwingine? Bila kifungu hicho mmiliki amefungwa kwa muuzaji kama mkulima wa pamba aliyekula mbegu ya mkopo.

5. Umeme ukikatika saa nne asubuhi kukiwa na wagonjwa 30, nini kinaendelea? Na intaneti ikikatika? Mfumo unaofaa kanda hii ni ule unaoendelea kufanya kazi ndani ya kituo na kutuma habari baadaye.

6. Nakala ya akiba hutunzwa wapi, na imewahi kujaribiwa kurudishwa?

7. Nani jirani mwingine anatumia mfumo unaoelewana na huu? Simu ya peke yako haina wa kuipigia.

Kituo kikubwa chenye madai mengi ya bima kina kila sababu ya kuanza sasa, kwa sababu kila mwezi wa kungoja una bei yake, na bei hiyo inaonekana kwenye makato. Kituo cha kati kianze na madai na maabara, kisha kiongeze rufaa. Kituo kidogo kitafute wenzake wanne au watano, wagawane fundi na ada, kama wenye mitumbwi wanavyochangia injini.

Kwa wote, kazi isiyohitaji mtaji inaweza kuanza Jumatatu: karani wa mapokezi aandike majina matatu ya kila mgonjwa, mwaka wa kuzaliwa, kitongoji na namba ya simu, kwa tahajia moja kila mara. Kompyuta itakapokuja itakuta chakula. Isipokutwa hivyo, itapokea fujo ileile iliyokuwa kabatini, ila kwa bei ya juu zaidi.